Jina la Mshonaji: Maonyesho ya Magauni ya Ann Lowe

Nguo yaweza kudumu na jina la aliyeishona likasahauliwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa Ann Lowe, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Alabama mwaka 1898, akafundishwa ushonaji na mamaye na bibiye. Na huyo bibi alizaliwa utumwani.

Mwaka 1953 Lowe alishona gauni la arusi la Jacqueline Bouvier, mchumba wa John F. Kennedy. Siku chache kabla ya arusi, bomba la maji lilipasuka katika chumba chake cha kazi, gauni likaharibika. Alinunua hariri nyingine, akalishona upya kwa hasara yake, wala hakumwambia bibi arusi. Magazeti mengi yalilisifu gauni hilo, mshonaji yasimtaje.

Tangu Septemba 2023 hata Januari 2024, jumba la makumbusho la Winterthur, Delaware, liliyaonyesha magauni yake yapatayo 40. Lile la arusi halikuwamo, kwani kitambaa chake kimedhoofika mno. Ilisimamishwa nakala iliyoshonwa baada ya kulichunguza la asili. Gauni lenyewe halikuonekana, lakini maonyesho yote yaliitwa kwa jina la mshonaji wake.