Kutoka kaseti hadi memori kadi: barua ya sauti kutoka Hagadera

Nilikuwa nimezama kwenye kazi ya kuandika programu, sasa nimepata upenyo. Leo tuzungumze juu ya kitu kidogo kama ukucha: memori kadi. Nitaanzia Dadaab, maana huko ndiko nilikoona jinsi uamuzi wa wahandisi wa mbali kuhusu mahali pa kuweka data unavyoweza kumfikia mtu ambaye hawakumfikiria kabisa.

Mama wa rafiki yangu, tuliyesoma naye Garissa, aliishi kambi ya Hagadera miaka mingi. Sandukuni mwake mlikuwa na kaseti ya dakika 60 aliyotumiwa na kaka yake kutoka ng'ambo. Ilikuwa barua. Upande wa kwanza kaka anasalimia ukoo mzima, jina kwa jina. Upande wa pili anasimulia baridi ya huko na kughani mashairi. Kaka huyo alishafariki.

Kwa Wasomali barua ya namna hii si jambo geni. Kisomali kilipata maandishi rasmi mwaka 1972 tu, lakini ushairi wao wa mdomo ni wa kale. Kaseti, iliyoletwa na Philips mwaka 1963, ilibeba ushairi huo na salamu za ndugu hadi kila walikohamia. Mwaka 1988, vita vilipoukaribia mji wa Hargeysa na serikali ya Siad Barre ikaupiga mabomu, kanda za redio ya mji huo zilitolewa na kufichwa, nyingine zikafukiwa ardhini. Leo taasisi ya Redsea Cultural Foundation ya Hargeysa inatunza kaseti zaidi ya 10,000.

Sasa angalia jambo hili: mwaka huohuo wa 1988 kampuni ya Intel ilianza kuuza chipu za fleshi. Mvumbuzi wake ni Fujio Masuoka wa Toshiba, Japani, aliyewasilisha aina ya NOR mwaka 1984 na aina ya NAND mwaka 1987. Inasemekana jina lilitoka kwa mwenzake, Shoji Ariizumi, aliyeona data zikifutika kwa mkupuo mmoja kama mmweko wa kamera.

Inafanyaje kazi? Ndani ya chipu mna seli nyingi mno. Kila seli ni transista yenye kijichumba kilichozungukwa na kizio. Ukiandika data, umeme husukuma elektroni zipenye kizio hicho na kuingia chumbani. Umeme ukikatika, elektroni hubaki mle ndani. Hakuna mota, hakuna sahani inayozunguka, wala hakuna kichwa cha kusomea cha kuzibwa na vumbi.

Kwa Dadaab hayo si mambo madogo. Kambi za Ifo (1991), Dagahaley na Hagadera (1992) zilijengwa kwa ajili ya watu 90,000. Kufikia mwaka 2011, wakati wa ukame mkali, walizidi 400,000. Umeme ulitegemea jenereta, betri na baadaye sola. Redio kaseti hula betri kwa sababu lazima mota izungushe kanda, na vumbi la huko huingia kila mahali. Halafu piga hesabu: rekoda ya simu inayotumia mfumo wa AMR wa kilobiti 12.2 kwa sekunde huhitaji kama MB 5.5 kwa saa nzima. Kwa hiyo kadi ya GB 1 ingebeba barua 180 kama ile ya mama.

Hata hivyo, tusijidanganye kwamba fleshi ilishinda kwa ajili ya watu wa Dadaab. iPod ya kwanza, mwaka 2001, ilitumia diski ndogo ya kuzunguka ya GB 5 kutoka Toshiba. Hata Nokia N91 ya mwaka 2006 ilikuwa na diski ya namna hiyo, ya GB 4, ndani ya simu! Lakini Septemba 2005 Apple walikuwa wameshaacha iPod mini ya diski na kuleta nano ya fleshi. Bei ya chipu ilikuwa ikishuka, vifaa vikizidi kuwa vyembamba. Kadi nazo zilipungua umbo: CompactFlash mwaka 1994, SD mwaka 1999, TransFlash mwaka 2004, ambayo mwaka 2005 ikaitwa microSD. Simu za bei nafuu zikapata tundu la kadi hiyo, na vibanda vya kuchajia simu vikawa pia vya kuwekewa nyimbo.

Mwaka 2013 rafiki yangu akaniletea ile kaseti. Tukaunganisha redio na laptopu, tukairekodi yote, kisha tukaiweka kwenye kadi iliyoandikwa GB 32 aliyoinunua sokoni kwa bei ya kutupa. Halafu akaongeza video za harusi. Mimi, mtaalamu mzima, sikuipima kadi. Nikafuta na nakala ya laptopu ili nipate nafasi. Nyumbani kaseti ikaonekana haina kazi tena, mtu akarekodi mawaidha juu ya upande wa kwanza.

Mama alipotaka kusikiliza, jina la faili lilikuwepo, sauti haikuwepo. Kadi ilikuwa ya GB 4. Kidhibiti chake kilikuwa kimepangwa kidanganye, kiseme 32. Nafasi ya kweli ilipojaa, video ziliandikwa juu ya barua. Nilijaribu kila programu ya kuokoa faili. Hakuna kilichorudi.

Upande wa pili tuliunusuru kutoka kwenye kaseti yenyewe. Upande wa majina umekwenda. Mama hakunilaumu. Alikaa, akayataja majina yote kwa mpangilio uleule wa kaka yake, nasi tukamrekodi yeye.

Tangu siku hiyo kadi mpya siiamini kabla ya kuijaza yote na kuisoma tena kwa programu ya F3 au H2testw, na sifuti cha zamani mpaka niwe na nakala mbili kwenye vifaa tofauti. Tena usiiache kadi kabatini miaka na miaka: elektroni huvuja polepole, na joto huharakisha uvujaji huo.

Sasa baadhi ya simu zinaondoa lile tundu. Samsung waliliacha kwenye Galaxy S6 mwaka 2015, wakalirudisha kwenye S7 mwaka 2016, wakaliondoa tena kwenye S21 mwaka 2021. Anayeliondoa anadhani kila mtu ana intaneti ya kutosha kupakia mafaili yake mbali. Anayenunua bando kwa MB hana anasa hiyo. Simu ikifa, alichorekodi kinaweza kufa nayo. Ukinunua simu, ulizia tundu la kadi kabla ya kuulizia kamera.

Haya wadau, nendeni mkapime kadi zenu. Tuonane tena.