Rupia ya Mjerumani: soma kabla hujaiyeyusha au kuiuza

Mara kwa mara wasikilizaji wetu wa Chunya wanatuuliza kuhusu sarafu za zamani wanazozikuta kwenye masanduku ya bibi zao au wanapolima. Je, zina thamani? Je, ni kweli Wajerumani walifukia masanduku ya rupia? Katika makala haya tunaeleza sarafu hizi zilitoka wapi, na mtu afanye nini akiwa nayo mkononi.

Zilitoka wapi?

Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa sarafu mwaka 1890: pesa ya shaba, na rupia ya fedha yenye sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili amevaa kofia ya chuma yenye tai. Rupia moja ilikuwa sawa na pesa 64. Mwaka 1904 serikali ya koloni ilichukua kazi hiyo, na rupia ikagawanywa katika hela 100. Neno "hela" tunalotumia hadi leo limetokana na sarafu hiyo, Heller kwa Kijerumani. Sarafu za serikali zilizotengenezwa Berlin zina herufi A, na za Hamburg zina J.

Vita Kuu ya Kwanza ilipofunga njia ya bahari, sarafu ziliadimika. Mwaka 1916 Wajerumani walizitengeneza wenyewe Tabora, kwenye karakana ya reli, kwa herufi T. Maarufu kuliko zote ni ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo na mlima nyuma yake. Dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke, mkoani Singida wa leo, na zilitengenezwa 16,198 tu. Septemba mwaka huohuo Tabora ilitekwa na jeshi la Wabelgiji. Baada ya vita Waingereza walileta shilingi, na rupia ikaacha kutumika.

Masanduku yaliyofukiwa

Hadithi za hazina ya Mjerumani zimewafanya watu wachimbe kwenye maboma, makanisa na hata makaburi. Kwa Chunya, kumbuka kwamba mbio za dhahabu ya Lupa zilianza miaka ya 1920, Wajerumani wakiwa wameshaondolewa madarakani. Anayekuambia ana ramani ya sanduku la rupia na anahitaji fedha ya kuanzia, au ya kumlipa mganga, muulize kwa nini hachimbi kwa fedha yake. Shimo lisilo na magogo ya kuzuia udongo linaua, liwe la dhahabu au la rupia.

Namna ya kuikagua

Mzani wa mnunuzi wa dhahabu unatosha kuanzia. Rupia moja halisi ina gramu 11.66, iliyochakaa hupungua kidogo. Haishikwi na sumaku, kwa sababu ni ya fedha. Ukiining'iniza kwa uzi ndani ya maji, uzito unapungua kwa takribani gramu 1.1. Ukipungua zaidi ya hapo kwa kiasi kikubwa, madini yake ni mepesi kuliko fedha. Angalia pia mwaka: rupia mbili zilitolewa 1893 na 1894 tu.

Usiisugue, usiiyeyushe

Hapa ndipo wengi wanapopata hasara. Mkusanyaji hulipia hali ya sarafu na uchache wake. Sarafu ya Tabora ina gramu 7.17 za dhahabu ya karati 18. Ukiiyeyusha unauza gramu tano na kitu za dhahabu safi, na thamani ya ziada imepotea. Usiisugue kwa mchanga, majivu wala tindikali. Zaidi ya yote, iweke mbali na zebaki ya kukamatia dhahabu: zebaki hushika dhahabu na fedha pia, na huacha doa jeupe. Ifunge kwenye karatasi safi na kavu, kisha uandike imetoka kwa nani, wapi na lini.

Maandishi hayo yana uzito. Mwaka 1944 mwanajeshi mmoja aliokota sarafu kadhaa ufukweni, kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Baadaye aliweka alama ya mahali hapo kwenye ramani. Ilipogundulika kwamba tano kati yake zilikuwa za masultani wa Kilwa, watafiti waliweza kurudi palepale.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, ndiyo maana sarafu za Kilwa si za kuuziana mitaani. Rupia za Mjerumani ni za baadaye, lakini kuchimba kutafuta mambo ya kale kunahitaji kibali.

Kabla ya kukubali bei ya mnunuzi wa kwanza, piga picha pande zote mbili, ipime, kisha uwaulize wa makumbusho. Kwa watu wa nyanda za juu, Makumbusho ya Iringa Boma ni karibu kuliko Dar es Salaam.