Salamu za Bweranyange

Enyange kwa Kinyambo ni yangeyange, yule ndege mweupe afuataye ng'ombe malishoni, na asikiaye lugha hiyo husikia weupe wake ndani ya jina Bweranyange. Palikuwa kweli pa ng'ombe. Anayefika leo akitafuta kuta za mawe kama za Kilwa atakuta vilima, migomba na mibuni. Makao haya ya wafalme wa Karagwe yalijengwa kwa miti na nyasi, na nyasi haziweki kumbukumbu. Chuma ndicho kilichoziweka.

Wafalme hao, Abakama, ni wa ukoo wa Wahinda, wazao wa Ruhinda. Omukama Ndagara alipofariki miaka ya 1850, wanawe waligombea kiti. Rumanyika, mmoja wao, mwenyewe alisimulia baadaye kwamba kingoma kidogo kilitiwa dawa na kuwekwa mbele ya ndugu watatu. Wawili hakikuwainukia, yeye alikinyanyua kwa urahisi. Nduguye Rogero hakukubali, vita vikaendelea, na wafanyabiashara wa pembe za ndovu waliotoka pwani na Tabora wakawa upande wa Rumanyika. Kambi yao ilikuwa Kafuro, karibu na mji, mahali pa shanga na vitambaa. Kwa njia hiyo lugha yetu ya Kiswahili nayo ilipanda vilima vya Karagwe, zamani kabla ya shule na serikali.

Novemba 1861 waliwasili Waingereza John Hanning Speke na James Grant, wakitafuta chanzo cha Nile, na msafara wao wa watu wa pwani, akiwemo Sidi Mubarak Bombay. Speke aliandika kwamba mfalme aliwapokea kwa Kiswahili kizuri, tena kwa maneno ya upendo. Mara nyingi habari hii husomwa haraka ili msomaji awahi Nile. Mimi hunisimamisha kila nikiifikia. Mtawala wa bara, aliyezaliwa ndani ya Kinyambo, alikuwa amejifunza lugha ya wageni wake kabla hawajafika mlangoni.

Na uwanja wake haukuwa kimya. Mwezi ulipoandama, Speke alihesabu ngoma 35 zilizopangwa mstari, kila moja na mpigaji wake, huku wakuu wa nchi wakija mbele ya kikale, makao ya mfalme, kuonyesha utii. Speke aliondoka Januari 1862 kwenda Buganda. Grant, mguu ukimuuma vibaya, alibaki kwa Rumanyika hadi Aprili, akiuguzwa na kuchora. Ziwa lililo chini ya mji lilimkumbusha Windermere ya kwao, basi wakalipa jina hilo, kana kwamba halikuwa na la kwake.

Msafiri Henry Stanley alifika mwaka 1876. Rumanyika, mzee sasa, alimfungulia nyumba ya hazina, na Stanley akahesabu: bata 16 wa shaba ya manjano wenye mabawa ya shaba nyekundu, sanamu 10 za pofu, ng'ombe 10 wa shaba nyekundu wasio na vichwa, mikuki ya ndimi mbili, mapanga mapana. Hizo ndizo sanamu za uwanja ule, ila zililala ndani, karibu na mfalme. Katika nchi za Maziwa Makuu mfalme alihesabiwa kuwa mhunzi, na nyundo ilikuwa alama ya ufalme sawa na ngoma. Wanaakiolojia Andrew Reid na Rachel MacLean, waliochapisha utafiti wao mwaka 1995, walikuta masalia ya kazi ya chuma hapo hapo Bweranyange. Mavi ya chuma, ambayo mpita njia angeyapiga teke, ni ushahidi wa mji huu sawa na ng'ombe wa shaba.

Yaliyofuata yalikuwa mazito. Sotoka ya miaka ya 1890 ilifyeka ng'ombe, na Wajerumani, waliokwisha kujenga boma Bukoba, wakawatiisha Abakama. Mwaka 1963 Tanganyika huru ilifuta utawala wa machifu. Jina la mfalme lilirudi kwa sauti kubwa mwaka 2019, ilipotangazwa Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe.

Hifadhi ni heshima, nami naifurahia. Lakini ningeombwa kuandika kibao kimoja tu cha uwanja wa Bweranyange, Nile nisingeitaja. Ningeandika kwamba hapa, Novemba 1861, Omukama Rumanyika aliwaamkia wageni wake kwa Kiswahili.