Maana Mbili za "Bure": Mzozo wa Waandishi wa Bunilizi za Kisayansi na Fantasia, 2007

Neno *bure* katika Kiswahili lina maana mbili: bila malipo, na bila faida. Asomaye bure hakutozwa. Aliyeandika bure amepoteza nguvu zake. Mzozo uliozuka Aprili 2007 miongoni mwa waandishi wa bunilizi za kisayansi na fantasia wanaotumia Kiingereza ulitokana na kuchanganywa kwa maana hizo, ingawa wahusika wenyewe hawakuueleza hivyo.

Howard V. Hendrix, aliyekuwa akimaliza muda wake wa umakamu wa rais wa SFWA, chama cha waandishi wa tanzu hizo kilichoasisiwa Marekani mwaka 1965, aliwashutumu wenzake waliokuwa wakitoa kazi zao kwenye intaneti bila kutoza chochote. Aliwaita wavunja mgomo wa wavuti, na kudai kwamba wanaugeuza wito wa uandishi kuwa maisha ya kabwela wa teknolojia aliyechafuka pikseli. Sitiari ya mgomo ilikuwa na kasoro ya msingi: hapakuwa na mgomo. Aidha, nakala ya bure haikuwa lazima iifukuze nakala ya kuuzwa. Mkusanyo wa hadithi fupi wa Kelly Link, *Stranger Things Happen*, uliochapishwa mwaka 2001 na Small Beer Press, kampuni ndogo aliyoianzisha pamoja na Gavin Grant, uliachiliwa bure mwaka 2005 kwa leseni ya Creative Commons, huku kitabu chenyewe kikiendelea kuuzwa.

Jibu lililovuma halikuwa hoja bali mzaha. Mwandishi Jo Walton aliitangaza tarehe 23 Aprili kuwa siku ya kimataifa ya makabwela hao waliochafuka pikseli, na siku hiyo waandishi wengi walitoa hadithi zao kwa yeyote aliyetaka kuzisoma. Ni mfano safi wa tusi kupokewa na mtukanwa na kuvaliwa kama nishani, tena kwa siku chache tu, jambo ambalo kwa kawaida huchukua kizazi.

Hata hivyo, mzaha ulilijibu tusi, haukulijibu swali la ujira. Link alikuwa tayari na jina, na kitabu cha kuuza kando ya nakala ya bure. Chipukizi anayetoa hadithi yake ya kwanza hana cha kuuza kando yake. Kwake yeye hofu ya Hendrix haikuwa ya kuchekwa.

Jarida la *Strange Horizons*, lililoanzishwa mwaka 2000 na Mary Anne Mohanraj, lilikuwa tayari limezitenganisha zile maana mbili. Msomaji hakutozwa, mwandishi alilipwa, na fedha zilitokana hasa na michango. Waliofanya kazi pasipo mshahara walikuwa wahariri.