Kinyago na Wenye Kukitazama

Waswahili husema kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Methali hii yamhusu mchongaji; haisemi neno juu ya mtu asiyejua ni nani aliyekichonga. Katika Newala ya zamani tofauti hiyo ndiyo iliyokuwa roho ya sanaa.

Wakati wa sherehe za jando mchezaji alitokea uwanjani amefunikwa nguo mwili mzima, na usoni amevaa sura ya mti mwepesi yenye chale, pengine na ndonya mdomoni. Newala wachezaji hao waliitwa midimu. Ng'ambo ya Ruvuma, mapiko. Wanawake na watoto waliambiwa kuwa huyo si mtu bali ni mzimu. Mvulana aliyetiwa jandoni alifunuliwa siri, na tangu hapo akakitazama kinyago kile kile kwa jicho jingine. Kulikuwako pia kifua na tumbo la mwanamke mwenye mimba, lililochongwa kwa mti na kutiwa chale za nta. Na mvaaji wake alikuwa mwanamume.

Walakini haifai kudhani kuwa wanawake walidanganyika. Watafiti wameandika kwamba wengi wao walijua, ila kujua kwao hakukutakiwa kutamkwa. Mama alimtambua mwanawe kwa mwendo wake, kisha akakimbia pamoja na wenziwe. Kukimbia huko hakukuwa ujinga. Kulikuwa sehemu ya mchezo, na pasipo yeye kinyago kisingekuwa na maana hata kwa aliyekivaa.

Mwaka 1906, nchi ikingali na majeraha ya Maji Maji, Mjerumani Karl Weule alipita Masasi na Newala akikusanya vitu kwa ajili ya makumbusho ya Leipzig. Vinyago alivyonunua vilifika huko bila nguo, bila ngoma, bila mtu wa kuvikimbia. Mgeni wa makumbusho husifu mkato wa pua na utulivu wa macho. Sifa hizo si uongo. Ila ni za mtu aliyefika uwanjani asubuhi, watu wamekwisha kwenda zao.

Masasi, Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa dayosisi hiyo tangu 1926, alijaribu jambo gumu zaidi: umbo la jando libaki, maana yake iwe ya Kikristo. Aliamini kwamba viwili hivyo vyaweza kutenganishwa. Wazee wa jando, kwa haki, walikuwa na shaka.

Nao wachongaji waliohamia Dar es Salaam walipatwa na jambo la namna hiyo. Mnara wa watu waliobebana, uliochongwa katika gogo moja la mpingo, ambao Roberto Yakobo Sangwani hutajwa kuwa mwanzilishi wake, uliitwa kwanza dimoongo, yaani nguvu. Katika siku za siasa iliyotangazwa Arusha mwaka 1967 ukajulikana kuwa ni ujamaa, na kwa jina hilo ukauzwa duniani. Wanunuzi wengi hawajapata kulisikia lile la kwanza.