Mita 6 ama 30? Historia fupi ya vipimo vya mto Kibera

1/ Kila mvua ndefu ikinyesha Nairobi, mjadala ni ule ule: waliojenga kando ya mto watoke ama wabaki? Huyu anasema mita 6, yule 30. Wacha tuone hizo namba zinatoka wapi, tukiangalia Lindi, Kibera.

2/ Mwaka 1918 Kibera ilitengwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi, wakakaa Wanubi waliokuwa askari wa Mwingereza. Mwaka 1953, upande wa chini, Mto Ngong ukazuiwa na Bwawa la Nairobi ili jiji liwe na akiba ya maji.

3/ Lakini mto haukubaki vile. Jiji lilipanuka. Lami na mabati havinywi maji, kwa hivyo mvua yote inakimbilia mtoni. Matope, taka na magugu-maji vikajaza bwawa. Hesabu ya 1953 haiwezi kumlinda mtu wa Lindi leo.

4/ Sheria yenyewe inajua hilo. Kanuni za ubora wa maji za 2006 zilikataza kujenga ndani ya upana wa mto, kuanzia mita 6 hadi 30 kila upande, kulingana na kiwango cha juu zaidi cha mafuriko kilichorekodiwa. Soma tena: KILICHOREKODIWA. Bila kupima, mita ni kelele tu.

5/ Kupima hubadilisha mjadala. Miaka mingi tuliambiwa Kibera ina watu milioni moja. Sensa ya 2009 ikahesabu 170,070. Wengine walibisha, na bado wanabisha, lakini angalau kulikuwa na kitu cha kubishania. Mwaka huo huo vijana wa Map Kibera walizunguka na GPS, wakachora mtaa ambao ramani nyingi ziliuacha tupu.

6/ Baadaye shirika la KDI likaunganisha modeli ya mafuriko na kumbukumbu za wakazi. Kompyuta inaona mto mzima. Mama wa Lindi anajua maji yalifika mlango gani. Ukiacha mmoja, umekosea.

7/ Mei 2024, baada ya mafuriko, tingatinga ziliingia mitaa ya kando ya mito, Mathare na Mukuru zikiwemo. Anayesema watu watoke ana hoja: mto unaua. Anayeuliza waende wapi pia ana hoja.

8/ Kwa hivyo akija kuomba kura, wa upande wowote, muulize: mafuriko yalipimwa lini, na nani? Alama ya kipimo iko wapi tuione? Na mto ukibadilika, mtapima tena lini? Akikujibu kwa namba ya mita peke yake, hajajibu.