Kutoka Ekari 4,197 hadi 288: Tarehe za Kambi Muru

Mwaka 2018 ulitimiza miaka mia tangu serikali ya kikoloni itangaze rasmi kwamba ekari 4,197 na ushei za msitu na vichaka pale Kibera, kusini-magharibi mwa Nairobi, ni ardhi ya jeshi. Kwa Wanubi wa Kibera 1918 ndiyo tarehe mama. Mwaka huohuo wa kutimia karne, 2018, tarehe 23 Julai, matingatinga yalipita katikati ya Kibera yakibomoa nyumba na shule ili kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata.

Ukitaka kujua walikotoka waanzilishi wa mji huu, sikiliza majina ya vijiji vyake. Kambi Muru ni ya Wamoru, watu wa nchi ambayo leo ni Sudan Kusini. Kulikuwa pia na Kambi Aluru na Kambi Lendu, majina ya makabila ya mpakani mwa Uganda na Kongo. Wote hao waliingizwa katika jeshi la Misri lililotawala jimbo la Ikweta chini ya gavana Emin Pasha. Emin alipoondoka na mpelelezi Stanley kuelekea pwani mwaka 1889, askari wengi waliachwa nyuma pamoja na kamanda wao, Selim Bey. Miaka miwili baadaye Kapteni Lugard aliwakuta Kavalli, karibu na Ziwa Albert, akawachukua kwa ajili ya kampuni ya Waingereza, wao na wake zao na watoto wao. Humo safarini na kambini makabila yakachanganyika, wakawa Wanubi, wakashikamana kwa Uislamu na kwa lugha yao ya Kinubi, yenye asili ya Kiarabu.

Tarehe 1 Januari 1902 vikosi vyao viliunganishwa na vingine kuwa King's African Rifles, ile KAR iliyotajwa sana na babu zetu. Kibera palikuwa mahali pa kufanyia mazoezi ya kijeshi, na kuanzia mwaka 1904 askari na jamaa zao wakaanza kukaa humo. Askari aliyetumikia miaka 12 aliweza kupewa pasi ya shamba, yaani kibali cha kujenga na kulima.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo yote yaliyofuata. Pasi ya shamba ilimruhusu mtu kukaa, haikumpa umiliki. Jeshi halikumlipa askari huyu kiinua mgongo cha maana. Lilimlipa kwa ardhi, kisha likaizuia hati ya ardhi yenyewe. Mwaka 1928 jeshi liliikabidhi Kibera kwa utawala wa kiraia, na wakubwa wapya hawakuona kwamba wana deni kwa wazee hao. Tume ya Ardhi ya Carter, katika ripoti yake ya mwaka 1934, ilisema wakaazi wa Kibera ni wapangaji wa Mfalme, wanaokaa kwa hisani yake tu. Tume hiyohiyo ilikiri kwamba serikali ina wajibu kwa wale askari wa zamani. Serikali zilizofuata zilishika sentensi ya kwanza na kuiacha ya pili.

Ardhi ikaanza kumegwa. Woodley ilijengwa wakati wa ukoloni. Baada ya Uhuru zikaja Jamhuri, Fort Jesus, Ayany, Olympic. Wageni kutoka mikoani nao walimiminika wakitafuta kazi, vyumba vya udongo na mabati vikazidi, na uhusiano wa mwenye nyumba na mpangaji ukawa mgumu. Mwishoni mwa mwaka 2001 ugomvi wa kodi ukageuka vita vya mitaani, watu wakafa na nyumba zikateketezwa. Januari 2008, baada ya uchaguzi, reli inayopita Kibera kwenda Uganda iling'olewa.

Wakati huo kijana wa Kinubi aliyefikisha miaka 18 alikuwa akienda kutafuta kitambulisho na kupigwa msasa mbele ya kamati, aonyeshe hata hati za babu. Mjukuu wa askari wa KAR, aliyezaliwa Nairobi na wazazi waliozaliwa Nairobi, aliulizwa kwao ni wapi! Tarehe 22 Machi 2011, Kamati ya Wataalamu ya Afrika inayosimamia haki za mtoto iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za watoto wa Kinubi kuhusu uraia. Mwaka 2015 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu nayo ikaikuta Kenya na hatia, safari hii pamoja na suala la ardhi.

Kisha ikafika Ijumaa ya tarehe 2 Juni 2017, ndani ya Ramadhani. Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi Wanubi hatimiliki ya pamoja ya ekari 288. Ni chini ya sehemu saba kwa mia ya zile za mwaka 1918. Hata hivyo, furaha ya siku ile ilikuwa ya haki kabisa: kwa mara ya kwanza karatasi iliyotoka mkononi mwa serikali ilisema *hii ni yenu*.

Urithi wenyewe umekaa zaidi majumbani. Umo katika tabaga, lile kawa la rangi nyekundu, kijani na zambarau ambalo akina mama husuka kwa mzunguko kuanzia kitovuni na kulifunikia sinia la chakula. Umo pia katika ngoma ya doluka arusini. Karatasi ndizo zilizo hatarini. Pasi za shamba zilizobaki zimetunzwa na familia, na moto au mvua ya usiku mmoja katika nyumba ya mabati unaweza kuzimaliza.

Mwaka 2027 hatimiliki itatimiza miaka kumi, na 2028 itakuwa karne moja tangu jeshi liondoe mkono wake Kibera. Wenye pasi za babu zao wazipige picha sasa, na Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa pale Moi Avenue izipokee nakala hizo kabla miaka hiyo haijafika.